Mistari Isiyochapika

Migori, Jumanne, 4 Machi 2025

Kwa Liz,

Sikupigii simu kwa sababu sitaki kusikia sauti yako. Namba yako nimeifunga na sitaifungua. Ukiwa na la kusema, andika kwa barua pepe hii, tena uandike Kiswahili, maana Kikuria chako mimi sikijui na Kijaluo chako, nasikia, ni cha kuombea maji tu.

Shemeji Sammy ameniambia kamati ya mazishi imeamua programu, kile kitabu cha ibada, iwe moja. Mimi nilitaka mbili. Ya kwangu ningetoa hapa Migori, ya kwako ungetoa huko Homa Bay uwagawie watu wako wa sokoni, na mazishi yangepita kwa amani. Lakini wazee wamesema Nicodemus Omanga hakuwa wanaume wawili, kwa hivyo hawezi kuzikwa na vitabu viwili. Haya, nimewasikia.

Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza, wa pete na wa ng'ombe. Hili duka la kuchapisha tulilifungua pamoja naye tukiwa na kompyuta moja ambayo ilikuwa inazima kila mara jirani akiwasha pasi. Kwa hivyo programu naipanga mimi. Faili nimekutumia. Ni karatasi ya A4 iliyolala, inakunjwa katikati inakuwa kitabu. Hiyo mistari ya buluu unayoona kwenye kioo cha kompyuta ni ya mwongozo, haichapiki, inanionyesha tu pahali pa kuweka kila kitu. Usiiguse. Wewe nenda ukurasa wa saba, chini ya majina ya kwaya, kuna kisanduku nimekuachia. Weka picha moja ndogo na maneno machache kuhusu wewe na mtoto. Usiandike "mke mpendwa". Andika jina.

Amefia kwako, sawa. Presha ilimkuta huko, haikumkuta mimi nikiwa karibu, na hilo nitalibeba. Lakini hazikwi kwako.

Rispa Omanga,
Mama Akeyo


Homa Bay, Jumatano, 5 Machi 2025

Kwako Mama Akeyo,

Pole na msiba, dada. Najua pole yangu huitaki. Nimeisema kwa sababu na mimi nimefiwa, na hakuna mtu wa kwenu aliyeniambia neno hilo.

Faili nimelipata. Sikugusa kitu isipokuwa kimoja, na nakuomba usikasirike kabla hujafika mwisho. Mstari wako wa katikati, ule wa mkunjo, umekaa kwenye milimita 149.8. Karatasi ina upana wa 297, kwa hivyo mkunjo lazima uwe 148.5. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Lakini picha yake kubwa umeipanga kwa kufuata huo mstari, na kitabu kikikunjwa, mkunjo unamkata sikio. Nimebonyeza mstari mara mbili, nikaandika namba kwenye kisanduku kinachofunguka, halafu nikaufunga usisogee tena. Nilifanya hivyo nikilia, kama unataka kujua.

La pili ni ukurasa wa saba. Siutaki. Nicodemus hakunijengea nyumba kwao Lambwe. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Kwa hivyo sina nyumba kwenye dala lenu, hilo boma la wazazi wake, sina hata mlango wa kutokea nikimlilia mume wangu. Watu watakuja kutoka Sori, kutoka Macalder, kutoka huko mpakani kwetu, na wengi hawanijui. Watajua mimi ni nani wakifungua hicho kitabu. Nikiwa chini ya kwaya, nitakuwa mwanamke aliyekuja kusaidia kupika, na mazishi yakiisha nitaambiwa asante, nenda. Awino ana miaka minne na nyanya yake hajawahi kumwona hata siku moja. Hicho kitabu ndicho nyumba yangu, dada. Sina nyingine.

Nimeambiwa kwenye dala la Wajaluo nyumba ya mikayi inatazama lango, na ya nyachira, mke wa pili, inakaa kulia kwake. Mahali pako siombi. Naomba ukurasa wa kati, upande wa kulia.

Liz Maroa,
Mama Awino


Migori, Alhamisi, 6 Machi 2025

Liz,

Nani alikufundisha kuandika namba?

Jibu hilo kwanza, ya dala tutazungumza baadaye. Mimi miaka yote navuta mstari kwa mkono. Unashika rula iliyo ukingoni mwa kioo, unavuta na kipanya, mstari unatoka, unaupeleka mpaka jicho liridhike. Nicodemus ndiye alinifundisha. Alisimama nyuma ya kiti changu, mkono wake juu ya mkono wangu, ananiambia sogea kidogo, rudi kidogo, hapo hapo. Tulikuwa wachanga kwenye ndoa. Nilikuwa nakosea makusudi ili aendelee kunishika.

Hiyo ya kubonyeza mara mbili sikuijua. Leo asubuhi nimefungua duka, nikabonyeza, kisanduku kikafunguka. Kumbe kilikuwa hapo siku zote. Nimekaa nikakitazama kama mtu aliyegundua kuna chumba kingine ndani ya nyumba yake, na mumewe alikuwa na ufunguo.

Kwa hivyo alikuwa anajua. Alikuwa ananiambia anapeleka kalenda Sori, kumbe anapinda kona kuja kwako, anaketi hapo, anakuonyesha siri ya kazi, na mimi huku ananiacha nihangaike na kidole. Unaniuliza kama ni wivu? Ni wivu. Sitaki kuuita jina lingine. Nilivumilia alipokuoa. Nilivumilia alipokununulia mashine ya rangi kabla ya kunitengenezea ya kwangu. Lakini kukufundisha kitu alichoninyima mimi, hapana, hilo limenifika kooni.

Sema ilikuwa lini. Sema alikaa upande gani. Sema kama alikushika mkono.

Na ukurasa wa kati hupati.

Rispa


Homa Bay, Ijumaa, 7 Machi 2025

Mama Akeyo,

Umeuliza, nakujibu. Ukiumia usiseme mimi ndiye nilianza.

Hakunishika mkono. Hata mara moja. Wiki ya kwanza ya duka langu la hapa nilipanga kadi za harusi za binti wa Mwanamvita, yule mama wa Pwani anayeuza vitambaa karibu na stendi. Nilivuta mistari kwa mkono. Kadi zikatoka zimekaa upande. Nicodemus akaziangalia, akacheka, akasema, "Rispa hapimi. Rispa ana jicho. Wewe huna jicho, andika namba." Akanielekeza bonyeza hapa, bonyeza pale, akiwa amesimama mlangoni na simu sikioni. Aliyekuwa kwenye simu ni wewe.

Tangu siku hiyo nimekula jina lako na ugali. Nikikaanga samaki, Rispa anageuza bila kuvunja. Nikipanga bango la kanisa, Rispa angeacha nafasi pale juu. Hujawahi kukanyaga kwangu, dada, lakini umeishi hapa kuliko mimi. Hizo namba unazozililia ni fimbo ya kipofu. Alinipa kwa sababu hakuniamini. Kama unazitaka, chukua zote, unipe huo mkono uliowekwa juu ya mkono wako.

Na kwa sababu umeniuliza vibaya, nitakwambia na ambalo hukuuliza. Kompyuta ya hapa ina faili zako za zamani, alikuwa anakuja nazo. Nimezifungua usiku wa kuamkia leo. Kila mstari wako una namba kamili, 148.5, 105, 210, hakuna hata mmoja uliopotoka. Mkono wa mtu hauwezi kufanya hivyo. Alikuwa anakunyooshea mistari yako, mmoja mmoja, kabla ya kuchapisha, halafu anarudi kwako anakwambia una jicho.

Sijui kama huo ni upendo au ni nini. Najua mimi hakuna aliyeninyooshea kitu.

Suala la ukurasa nimempelekea Shemeji Sammy. Sitabembeleza tena.

Liz Maroa


Lambwe, Jumamosi, 8 Machi 2025

Kwenu nyinyi wawili, wake wa ndugu yangu,

Mimi Kiswahili yangu ni ya kanisa na ya ng'ombe, mnivumilie. Nimesoma hizo barua mmenitumia, kila mtu amenitumia ya mwenzake. Nimezisoma mpaka chai ikapoa. Ndugu yangu yuko kwa mochari, anangoja, na nyinyi mnapigania milimita.

Nimeongea na wazee na Mama yetu. Mama amesema hivi: huyo mtoto hajamwona, mama ya huyo mtoto hamjui, na mahali pa kujenga hawezi kupatia mtu hajui. Atangoja siku ya mazishi aone. Mimi nikamwambia Mama, macho yako hayaoni mbali, hutaona watu vizuri kwa ile umati, utaona kwa kitabu. Akasema basi mlete kitabu.

Sasa amri ni hii. Ukurasa ya kati iwe kama dala. Upande ya kushoto ikae ile picha ya harusi, Rispa na Nicodemus. Upande ya kulia Liz na mtoto. Rispa, usinipigie simu kulia. Wewe ni mikayi, hakuna mtu anakutoa.

Liz apange hiyo ukurasa kwa sababu anajua mambo ya namba. Rispa achapishe, mashine kubwa iko Migori. Kukunja na kukata ifanywe na Hemed wa duka la vitabu, ako na ile mashine ya kisu, nimeshaongea naye. Vitabu vifike Lambwe Jumamosi ijayo asubuhi kabla ya ibada. Akeyo amewekwa ukurasa ya tatu na anasoma historia ya baba yake, hilo halina mjadala.

Mkiendelea kuvutana, nitaandika programu kwa mkono na nipige kopi. Sitanii.

Sammy Oyaro,
shemeji yenu


Homa Bay, Jumatatu, 10 Machi 2025

Mama Akeyo,

Ukurasa wa kati huu hapa. Naueleza ili kusiwe na maneno baadaye.

Kushoto ni picha ya harusi yenu. Kwenye hiyo picha wewe umesimama ukingoni na Nicodemus yuko ndani, kwa hivyo yeye amekuja karibu na mkunjo na wewe uko nje. Kulia ni picha yangu na Awino tuliyopigwa Krismasi. Nimeipanga vivyo hivyo, mtoto karibu na mkunjo, mimi nje. Mstari wa kukatia upande wako uko milimita tano kutoka ukingo wa karatasi, na upande wangu tano. Uso wako unaanza milimita kumi kutoka hapo pa kukatia, na wangu kumi. Urefu wa vichwa nao ni mmoja. Namba niliyoandika kwako ndiyo niliyoandika kwangu, mtu asije akasema nimejipendelea.

Maandishi ya kurasa zingine nimeyavuta ndani kidogo, yalikuwa yanabanana na ukingo.

Nilipoweka hiyo picha ya harusi niliitazama muda mrefu. Ulikuwa mzuri. Gauni lilikukaa. Sikufurahi kuona hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Liz


Migori, Jumanne, 11 Machi 2025

Mpendwa Liz,

Nimepokea. Umefanya kazi nzuri, na mimi sio mtu wa kukataa ukweli. Nimefikiri sana juu ya maneno ya Shemeji na nimeona tumzike mume wetu bila kelele.

Nimerekebisha rangi ya jalada tu na vitu vidogo vidogo. Nakutumia picha ya ukurasa ulivyo sasa, uione ulivyopendeza. Hakuna haja ya kufungua faili tena, ni zito na mtandao wa huko kwenu nausikia ni wa shida. Kesho naanza kuchapisha.

Umpe mtoto salamu.

Rispa


Homa Bay, Jumanne, 11 Machi 2025, jioni

Mama Akeyo,

Picha imependeza. Lakini picha haionyeshi mistari. Umeniita mpendwa, na hiyo ndiyo imenitia hofu. Nitumie faili lenyewe.

Liz


Migori, Jumatano, 12 Machi 2025

Liz,

Faili hilo. Wewe uliyelala na mume wa mtu ndiye unayeogopa kudanganywa? Angalia upesi, Hemed anangoja.

Rispa


Homa Bay, Jumatano, 12 Machi 2025, mchana

Mama Akeyo,

Nimefungua. Nimeangalia mistari yote. Sawa. Chapisha. Faili nalirudisha hapa, tumia hili.

Liz


Lambwe, Jumanne, 18 Machi 2025

Liz,

Uliondoka Jumamosi kabla udongo haujamalizwa kurudishwa. Nilikuona ukimfunga mtoto mgongoni. Najua ulivyoona. Naandika ili usifikirie vibaya: Hemed amekosea. Vijana wake wamekata vibaya. Katoni zilifika watu wakiwa wameshakaa kwenye hema, zikafunguliwa, zikagawiwa, mimi mwenyewe nilipata kitabu kama mgeni.

Ulikuwa umekaa nyuma, sijui kama uliona mbele kulivyokuwa. Pasta alisema tufungue ukurasa wa kati tumwone ndugu yetu na familia yake. Karatasi zikageuka kwa pamoja. Nikafungua na mimi. Nikamwona Nicodemus na suti yake ya harusi, na kwenye mkono wake kuna glavu nyeupe imemshika, na mwenye glavu hayuko. Upande wa pili nikaona mtoto ameshika vidole viwili vya mtu, na mwenye vidole hayuko. Kila mmoja wetu amebaki bega. Nicodemus anaangaliana na mtoto wako hapo kwenye mkunjo, wawili tu, wanacheka.

Mama mmoja wa Macalder aliyekaa nyuma yangu akauliza kwa sauti, huyu mtu hakuwa na mke? Nilikuwa nimekaa mbele yake na nguo nyeusi, na aliuliza. Sikugeuka.

Nitamfuata Hemed nikirudi Migori. Kazi ya aibu vile sijawahi kuiona.

Rispa


Homa Bay, Alhamisi, 20 Machi 2025

Mama Akeyo,

Muache Hemed wa watu. Hemed anakata palipo na alama.

Mimi niliacha mstari wa kukatia upande wa kulia kwenye 292. Niliporudishiwa faili niliukuta 269, na nyuma yake kuna vipointi vingi vya desimali, namba ya mtu aliyevuta kwa mkono. Na alama ya kukatia, ile inayochapika, umeihamisha hapo hapo. Nilijua mara moja ni wewe. Hakuna haja ya kuulizana. Ulitaka kisu kinipitie usoni, watu waone mtoto ana mkono wa mama lakini mama hana sura.

Lakini ulisahau jambo, na mimi sikulisahau kwa sababu hapa Homa Bay napanga mimi, nakunja mimi na kukata mimi. Kitabu kikishakunjwa, kulia na kushoto vinalala pamoja. Kisu kinapita mara moja. Kinachokatwa kulia ndicho kinachokatwa kushoto, kwa kipimo kile kile. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimetuweka sawa, wewe kumi, mimi kumi, kwa haki.

Nilikaa na faili likiwa wazi. Ningeweza kurudisha 292, ni kuandika tu. Ningeweza kumwandikia Shemeji. Halafu nikakuona hapo kwenye gauni lako, na glavu zako, na mkono wako juu ya mkono wake, nikasema moyoni, kama mimi sipo, na huyu asiwepo. Nikaufunga mstari pale pale ulipouweka, ili usije ukajuta ukaurudisha kwa bahati mbaya. Halafu nikakuandikia sawa, chapisha.

Kwa hivyo usinililie kwamba ulipata kitabu kama mgeni. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na hiki tulichimba wawili. Tofauti ni kwamba wewe umetoka humo ukarudi nyumbani kwako. Mimi ile karatasi ndiyo ilikuwa nyumba, na nimeiacha ikatwe nikiangalia. Mama mkwe alikuwa amesema ataona kwa kitabu. Ameona nini? Bega. Nimemkosesha mtoto wangu pahali kwa sababu ya wivu, na sitaki uniambie pole.

Nimefunga duka wiki hii. Usinijibu kama una matusi, nimechoka.

Liz Maroa


Lambwe, Jumatatu, 24 Machi 2025

Liz,

Sina matusi. Yaliniishia nilipofika mahali uliposema uliufunga mstari. Nilisoma hapo mara nyingi. Kwanza nilitaka kuja Homa Bay nikuvute nywele. Halafu nikacheka peke yangu, mpaka Akeyo akaja kuniuliza kama niko sawa.

Ni kweli nilivuta. Ulipoandika kwamba alikuwa ananinyooshea mistari, sikulala. Mtu ameniambia nina jicho maisha yangu yote, na mke mwenzangu ndiye ananiambia halikuwepo. Nikasema basi nitavuta mmoja ambao hayupo tena wa kuunyoosha. Na ya kukunja sikuikumbuka hata kidogo. Kwenye kioo kurasa zimelala wazi, kushoto kwangu, kulia kwako, nikaona nakata kwako tu. Kule Migori kukunja na kukata alifanya Nicodemus. Mimi sijawahi kushika kile kisu.

Sasa nikwambie kwa nini naandika. Mama mkwe amechana ule ukurasa wa kati akaubandika ukutani kwa uji wa unga, pale anapokaa kunywa chai, ili asisumbuke na macho yake. Nilimwambia, Mama, hiyo imeharibika, nitarudi Migori nichapishe nyingine, tuwe wote wanne. Akakataa. Akaniambia nisiguse. Akasema ni picha ya kwanza ya mwanawe ambayo ameiona haina ugomvi ndani.

Anakaa hapo tangu asubuhi anamtazama mtoto wako. Anasema ana paji la Nicodemus na meno ya Nicodemus kabla hayajaharibiwa na soda. Na ni kweli, Liz. Akeyo wangu alitoka kwetu, mzima mzima, sura ya mama yangu. Huyu wako amemchukua baba yake na hakuacha kitu. Nimejikuta naona wivu kwa mtoto wa miaka minne. Nilitaka nikufiche hilo, nikaona tumeshafichana vya kutosha.

Jana Mama amemwita Sammy, wameenda upande wa kulia wa nyumba yangu na kamba, wamepigilia vigingi. Yale ya mila atakueleza Sammy mwenyewe. Mama hakuniuliza. Aliniambia tu nikuandikie uje na mtoto, na maneno yake nayaleta kama alivyoyasema: hiyo nyumba ni ya Awino, na mama yake atakaa humo kwa sababu mtoto hawezi kukaa peke yake. Jina lako hakulitaja. Na mimi alipokuwa anazungumza nilikuwa nimesimama hapo na birika, na hakunitaja pia.

Kwa hivyo njoo. Usinitegemee kukupokea langoni. Bado nina wivu, na nikikuona utaongezeka. Tutasalimiana kama watu wa kanisa moja, na ukipika, usinipelekee.

Lakini nataka ujue utakachokuta, usije ukashtuka mbele ya watu. Picha ya Akeyo na sare ya shule ilikuwa ukutani hapo tangu zamani. Mama ameubandika ukurasa wetu karibu nayo. Kila mgeni anayekuja kutoa pole anauliza marehemu ameacha nani, na Mama anainua fimbo anamwonyesha: huyu ni yeye, na hawa ni binti zake wawili. Mgeni anasema Mungu awalinde. Halafu ananigeukia mimi na kuniomba maji ya kunywa.

Rispa